Iliuzwa, au Ilizama?

Quellón, mwezi wa saba, mvua ya siku ya tisa.
Nimeingia dukani kwa Baldovino na bahasha ya mwani:
magunia kumi na manne, niliyavuna maji kiunoni,
nikayaanika, yakalowa, nikayaanika tena.
Fedha hii inanuka. Aliihesabu bila kukunja pua,
kwa hilo namshukuru.

Akaanzia juu, kama waanzavyo wauzaji wote:
redio yenye kioo cha rangi, ramani tumboni,
inayojua ilipo hata kama wewe hujui.
Nikauliza bei. Nikamwomba airudishe sandukuni
kabla mkono wangu haujaizoea.

Akashuka. Hii ya mkononi, ya njano,
wati tano, ikianguka majini inaelea.
"Leta ndoo," nikasema.
Akacheka, akaona sicheki, akaleta ndoo.
Ikaelea kweli, uso juu, kama mtoto anayeogeshwa.
Lakini kuelea, hata kaka yangu alielea.

Sikumweleza. Mji mzima unajua:
Rubelindo, mashua ya mita sita, injini kimya
nyuma ya kisiwa cha Cailín, simu mfukoni
ikipapasa mnara usiokuwepo.
Alipiga kelele usiku kucha ndani ya ukungu.
Mashua tatu zilipita. Alisikia injini zao,
alisikia hata mtu akikohoa.
Tulimpata asubuhi, mzima, vidole vyote kumi,
ila sauti. Sauti haikurudi naye.
Sasa anaomba chumvi kwa kunong'ona
na mbwa wake hamtii.

"Ya mkononi," akasema Baldovino, "kwa kinamama inatosha."
Nikamwuliza kinamama huzama kwa wati ngapi.

Ndipo akainama chini ya kaunta,
akatoa kitu kilichoviringishwa gazetini:
redio ya zamani, ya kufunga, wati ishirini na tano,
kioo kimekwaruzika, kitufe cha kuongelea
kimelika kwa gumba la mtu nisiyemjua.
Mgongoni, kwa wino mzito: ESTELITA.

"Mashua hii," nikasema, "iliuzwa, au ilizama?"

Akapangusa vumbi lisilokuwepo.
"Iliuzwa."
Alichelewa kidogo. Mvua juu ya bati
ilisema mengi katika kuchelewa kule.

Nikaichukua. Ilikula nusu ya bahasha,
na nusu iliyobaki sikurudi nayo nyumbani:
antena ndefu, waya mnene, fyuzi mbili.
Nilikwisha kuwauliza wazamiaji, nikawauliza wa feri,
wote wakanipa jibu moja kwa midomo tofauti:
wati ni kifua tu, antena ndiyo shingo.
Mfupi sokoni haonekani, hata awe na nguvu za fahali.

Jumapili tuliisimika. Rubelindo akikaza skrubu,
mimi nikimmulikia tochi saa sita mchana,
maana mchana wenyewe ulikuwa umejifunika blanketi.
Taa ikawaka, rangi ya chungwa, hafifu,
kama dirisha la nyumba ambayo mtu bado yu macho.

Nikaita bandari. Nikajibiwa na mwanamke wa zamu,
sauti ya mtu anayetafuna mkate,
akatuhamishia chaneli nyingine tujaribu.
Nilitaka kuendelea. Kaka akaninyang'anya kipaza sauti,
akakisogeza hadi kikagusa masharubu,
gumba lake likalala palepale palipolika,
akabonyeza, akanong'ona jina la mashua yetu,
mara moja, mara ya pili, kisha akaachia.

Mchakacho. Mvua. Mchakacho.

"Nakupata, Porfiada, nakupata safi kabisa,"
akasema yule mwanamke.
"Ila usipige kelele, bwana. Nakusikia."